Darasa Lililokwenda Nguvumali

Asmahani alikuwa sebuleni kwake Nguvumali, anakata kadi kutoka kwenye boksi la sabuni, huku binti yake Tausi, miaka mitano, akizipanga sakafuni. Kadi ya kwanza: kuvaa sare. Ya pili: kutembea na mama. Ya tatu: geti la shule. Baada ya geti hapakuwa na kadi, kwa sababu Asmahani mwenyewe hakuwa ameruhusiwa kuona kilichomo ndani.

Tausi ana usonji. Jambo geni lisilotangulia kuonyeshwa humwangukia kama bati la paa. Huziba masikio, akalala chini, akalia mpaka sauti ikakauka. Akionyeshwa mapema kwa picha, hatua kwa hatua, huenda mwenyewe, tena anatangulia mbele.

Hayo Asmahani aliyaeleza siku ya kuandikisha watoto wa awali, mbele ya Mwalimu Mkuu Praxeda. Akaomba mtoto aingie darasani mara moja tu, wenzake wakishatoka.

"Mama Tausi, mtoto ambaye hajaandikishwa haingii darasani. Ndiyo utaratibu."

"Basi mwandikishe, mwalimu."

"Hajalizoea darasa, nitamwandikishaje? Hizo kelele alizopiga hapa hukuzisikia? Mzoeshe kwanza. Akishazoea, mlete. Mwisho Ijumaa."

Yalikuwa maelekezo mazuri, yaliyonyooka. Hayakupungukiwa kitu isipokuwa njia ya kuyafuata.

Jumatatu, saa kumi jioni, darasa la awali lilikuja lenyewe. Lilipotoka getini, mlinzi Zabron aliandika kwenye daftari lake: darasa, moja, limetoka. Lilitembea pembeni mwa barabara, likasimama kupisha bajaji, likaingia uani kwa Asmahani kiubavuubavu, maana mlango wa ua ni mwembamba. Likainamisha paa lisiguse nguo zilizoanikwa.

"Shoga, hilo litakaa mpaka saa ngapi?" jirani yake Anjela aliuliza juu ya ua. "Kuku wangu washaingia nyuma ya ubao."

"Mpaka magharibi."

"Haya. Ila lisinizibie bomba."

Siku hiyo Tausi aligusa ukuta wa nje, akarudi ndani. Jumanne alisimama mlangoni akanusa chaki. Jumatano alichagua dawati, la tatu, dirishani. Asmahani alichora kila kitu: mlango, dawati, ubao, ndoo ya maji yenye kata. Alhamisi darasa lilileta sauti. Lilianza na ile rimu ya gari inayogongwa kuwa kengele, likaitoa kwa mbali kama inagongewa Pangani, kisha karibu, kisha karibu zaidi. Halafu likaachia salamu ya watoto arobaini, iliyokuwa imeganda ukutani tangu asubuhi: "Shikamooo, mwalimuuu!"

Tausi aliziba masikio yote mawili. Mara ya tano aliziba moja. Mara ya tisa aliteremsha mikono, akajibu kwa upole, "Marahaba."

Asmahani alimwacha. Kujibu ndiyo ilikuwa kazi. Cheo kingerekebishwa baadaye.

Ijumaa walikwenda, Mwalimu Mkuu akaruhusu mtoto ajaribiwe. Tausi alivaa sare, akatembea, akapita geti, akakaa dawati la tatu dirishani. Rimu ikagongwa. Watoto arobaini wakasimama wakapiga salamu, naye Tausi akaitikia marahaba pamoja na mwalimu. Hakulia.

"Amezoea," Mwalimu Mkuu Praxeda alikiri. "Amezoelea wapi?"

"Nyumbani, mwalimu. Darasa lilikuwa linakuja."

Daftari la Zabron lililetwa. Mwalimu Mkuu alilisoma ukurasa mzima, akaridhika kwamba saa zimeandikwa sawasawa.

"Sasa hapo, Mama Tausi. Mtoto ana darasa uani kwao, nimpe na nafasi shuleni? Kuna watoto hawana hata hilo moja. Tusiwe na choyo." Alifunga orodha. "Na siku nyingine mlifagie kabla halijarudi. Nimekuta manyoya ya kuku."

Wazazi waliokuwa kwenye foleni walitikisa vichwa kukubali. Haki ni haki.

Jioni ile darasa lilikuja kama kawaida. Anjela akaondoa kuku wake bila kuambiwa. Tausi alikaa dirishani kwake mpaka jua likashuka, kisha akanyoosha mkono kwa mama yake. Alitaka kadi ya Jumatatu.

Asmahani alishika penseli muda mrefu. Kliniki walimfundisha kanuni moja kabla ya zote, kwamba mtoto huyu hachorewi jambo ambalo halitatokea. Basi alichora geti, limefungwa. Alichora kufuli, na tundu la kufuli, maana vitu vidogo vidogo humsaidia. Nje ya geti alimchora Tausi, na sare yake, amemshika mama mkono.

Tausi aliitazama. Akaiweka mwisho wa mstari, akainyoosha pembe zilingane na za wenzake, akatulia tuli. Alikuwa ameandaliwa vizuri.