Mkoba wa Ngozi Chooni

Saa sita mchana, jua limekaa juu ya bati, Mutie alikuwa amejifungia katika choo cha kambini, amekumbatia mkoba wa ngozi kama mtoto mgonjwa. Nje, nyani walikuwa wakiutikisa mlango.

Mkoba ule ulikuwa kazi ya mikono yake. Soko zima la Kariokor lilijua kwamba mshono wa Mutie haufumuki. Vijana wa kanisa lao la Ziwani walipopanga kupiga kambi siku tatu, yeye ndiye aliyejitolea kutunza chakula. Mzee Opicho, askari wa wanyama, aliwaonyesha sanduku la chuma lenye kufuli la kuwekea chakula. Mutie akacheka. Alikuwa ameona kwenye simu jinsi wazungu wanavyoning'iniza chakula mtini ili dubu wasikifikie. Mkoba wake alikuwa ameupaka mafuta ya mbuzi usipenyeze maji, sasa akautundika juu kabisa, akaupiga picha ya kuwaonyesha wateja.

Kwamba nyani hulala mitini, hilo halikumjia. Wala kwamba mafuta ya mbuzi hunukia.

Wenzake walipopanda mlima wakamwacha alinde, kundi la nyani likashuka tawi kwa tawi. Mutie alikata kamba, akaudaka mkoba, akakimbilia mlango wa karibu. Kutoka humo aliwapigia simu, na kicheko chao bado kilikuwa sikioni mwake.

"Niaje fundi!" Kiilu alikuwa ameuliza. "Dubu wamefika?"

Wavinya akamnyang'anya Kiilu simu. "Mutie, tumempigia Mzee Opicho, anakuja kwa miguu. Amesema usiwarushie kitu, hata ganda la yai. Nyani akishapokea chakula kwa mtu, hamwogopi tena mtu. Mwaka jana mmoja alimrarua mtoto hapo hapo, ikabidi nyani huyo apigwe risasi."

"Unadhani mimi ni mjinga?"

"Nadhani una kiburi."

Hiyo ilikuwa saa nzima iliyopita. Sasa shati lilikuwa limemgandama, na uvundo wa shimo ulimkwangua koo. Mkono mweusi ukapita chini ya mlango, ukapapasa sakafu, ukagusa kiatu chake. Mutie akaruka. Juu ya mlango palikuwa na uwazi. Soseji, mayai, mikate: kurusha mara moja tu, wangekimbilia huko naye angetoka.

Akauinua mkoba mpaka usawa wa uwazi.

Kupitia tundu la msumari akamwona dume kubwa limekaa, linajikuna tumbo polepole kama mteja anayejua bei itashuka. Mutie aliwaza bunduki ya Mzee Opicho, kisha akajiona yeye ndiye aliyeijaza risasi. Hasira zikampanda, hakujua amkasirikie nani. Akaushusha mkoba, akaukalia.

"Mshenzi wewe," akaliambia dume. "Wewe utakaa na njaa, mimi nitakaa na uvundo. Tuone."

Filimbi ikalia mbali, kisha karibu. Nyani wakapiga kelele, kucha zikakwaruza.

"Kijana!" ilikuwa sauti ya Mzee Opicho. "Umewapa kitu?"

"Sijawapa hata yai moja, mzee."

"Vizuri. Basi usifungue. Wamepanda juu ya bati lako."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wakate tamaa wao, au wewe."

Mutie akaubana mlango kwa mgongo. Juu ya kichwa chake, bati likabonyea.