Kata Moja ya Tembo

Msafara wa hija ulikuwa umekwisha kutoka Junda, msalaba mbele na nyimbo juu, Mbeyu alipoufikia mbio mbio akifunga leso. Akawekwa nyuma kabisa. Ndiyo sheria: aliyetengwa na kanisa hatembei na washiriki.

"Pole pole, Mama Kafedha," akasema Milcah, mke wa Odhiambo wa reli, aliyekuwa akichechemea na viatu vipya. "Kaburi lina miaka mia hilo. Halitatukimbia."

"Silikimbilii kaburi. Nataka yaishe."

Mambo yenyewe yalikuwa haya. Mumewe Ngumbao alikufa kwa homa mwaka wa arubaini na tatu, akawa anamjia ndotoni akilia kiu. Kwa watu wao, ndugu wa marehemu ndiye humsimikia koma, kijiti cha kumkumbuka, akakimiminia tembo. Ndugu alikuwa mmoja tu, Gershom, naye ni mzee wa kanisa. Akakataa katakata. Basi Mbeyu akakisimika mwenyewe nyuma ya nyumba, akamimina kata moja ya tembo la mnazi.

Na nani aliyekwenda kumsema kwa padre? Gershom huyo huyo, shemeji yake, aliyelelewa na Ngumbao tangu hajui kufunga suruali. Miezi saba sasa Mbeyu hajaonja mkate wala kikombe, na meza ya Bwana aliipenda tangu alipobatizwa usichanani. Leo ameambiwa aje atubu mbele za watu, kwenye kaburi la bibi mmisionari aliyezikwa Nyali miaka mia iliyopita, arudishwe.

Akatembea ameuma meno, Kisauni, Kongowea, mpaka kwenye mikonge ya Nyali.

Kaburini wanawake walifagia. Gershom, ndani ya koti jeusi na jua lote lile, akaosha jiwe kwa mkono wake, akaweka maua koponi, akayamiminia maji. Kisha akapiga magoti.

"Mama yetu, wanao tumekuja. Utuangalie."

Mbeyu akahisi damu ikimpanda kichwani.

"Mbeyu," padre akaita, "simama utubu."

"Nitatubu, padre. Kwanza nimuulize shemeji. Huyo bibi anakusikia?"

"Ni heshima tu, shemeji. Si ibada."

"Na maji?"

"Ya maua!"

"Kumbe maua yana kiu. Kaka yako ndiye hana."

Milcah akacheka, akajiziba mdomo kwa leso. Gershom akainuka na vumbi magotini.

"Usimlinganishe mtakatifu na mlevi wa tembo!"

"Mlevi?" Sauti ya Mbeyu ikapasuka. "Mlevi huyo alikubeba mgongoni kutoka Magogoni mpaka shule ya misheni, miguu yako imejaa funza! Bibi uliyemsoma kitabuni unampigia magoti. Uliyekula naye sahani moja hukumwekea hata kijiti! Huna haya, Gershom!"

"Mbeyu!" akasema padre. "Neno moja tu. Ulikosa, hukukosa?"

Meza ilikuwa pale kivulini, kitambaa cheupe, kikombe kinang'aa. Neno moja, na kikombe ni chake. Mbeyu alikitazama kwa kiu.

"Kama nilikosa, na yeye amekosa sasa hivi, mbele ya macho yenu. Atubu naye, nami nitatubu."

Padre akakifunika kikombe. Mbeyu akajitanda leso, akashika njia ya kurudi peke yake. Hakufika mbali, Milcah akamfikia miguu mitupu, viatu mkononi.

Padre alihamishwa mwaka uliofuata. Odhiambo alipelekwa kazini Kisumu, Milcah akaenda naye. Gershom alikufa mwaka wa arubaini na saba, akazikwa na kanisa. Mbeyu hakurudishwa mezani. Aliketi benchi la nyuma kila Jumapili mpaka mwaka wa arubaini na tisa, alipokufa. Kanisa halikuja kumzika. Mwanawe Kafedha alimzika nyuma ya nyumba, karibu na kile kijiti.