Shali Lililotoka Sokoni

Shangazi alilifuma shali lile mwaka ambao vidole vyake vilianza kukakamaa kwa baridi yabisi. Kila asubuhi alivilowesha kwanza kwenye maji ya moto, ndipo ashike sindano. Nyuzi za rangi ya haradali zilimwishia kabla ya kona ya mwisho, akamalizia kwa kijani, akacheka mwenyewe. Sikukuu ilipofika, akampa binti wa kaka yake, yule msusi. "La kujitanda ukienda saluni asubuhi," alimwambia.

Msusi alishukuru, akamkumbatia, akalipeleka nyumbani na kuliweka juu ya kabati. Hakulivaa hata siku moja. Saluni yake ilikuwa mpya, wateja wake wanawake wa maofisini, naye aliona kitu kile kingemfanya aonekane mshamba. Alipohama chumba, alilitia kwenye mfuko pamoja na nguo zilizombana, akampa muuza mitumba aliyepita mlangoni. Akalisahau.

Mwaka uliofuata hali ilikuwa ngumu kwa kila mtu. Ndugu wakakubaliana kwenye simu kwamba sikukuu hii hakuna zawadi ya dukani. Kila mmoja alete alichotengeneza kwa mkono wake, au mtumba. Aliyefurahi kuliko wote alikuwa mdogo wa msusi, fundi friji, ambaye mdomo wake haukuwa na breki. "Mwaka huu mtanikoma!" alisema.

Siku yenyewe, sebuleni kwa shangazi, fundi alimwekea shangazi yake kifurushi mapajani.

"Nimezunguka soko zima, shangazi. Nimechambua marundo mpaka mgongo ukaomba msamaha. Fungua."

Vidole vya shangazi vilishindwa na fundo la kamba. Msusi akainama kumsaidia. Karatasi ilipofunguka, akaiona ile rangi ya haradali, akaitambua.

Shangazi alilitandaza shali magotini. Akapitisha kidole pembeni yake, polepole, mpaka kwenye kona ya kijani. Kidole kikatulia pale.

"Umeiona kazi hiyo?" fundi aliuliza. "Mwenye nalo sijui aliwaza nini kulitupa. Watu wengine bwana, macho wanayo ya urembo tu!"

"Labda halikumtosha," shangazi alisema.

"Shali, shangazi? Shali linambana nani?" Akacheka peke yake.

Shangazi akamvuta kichwa, akambusu kwenye paji. "Ahsante, baba. Umechagua vizuri." Hakumtazama msusi.

Baada ya chai, msusi alimfuata jikoni.

"Shangazi, lile shali..."

"Nimeliona."

"Nilikuwa nahama, vitu vilikuwa vingi, nika..." Akauacha uongo njiani. "Niliona haya kulivaa. Mbele ya wateja."

Shangazi aliendelea kufuta kikombe ambacho kilikwisha kukauka. "Si ungenirudishia tu, mwanangu. Ningelivaa mwenyewe."

"Nipe sasa. Nitalivaa kila siku, nakuapia."

"Nimeshapewa. Na aliyenipa amelihangaikia. Nitamwambia nini?"

"Basi nifumie jingine, hata dogo..." Shangazi akanyanyua mikono yake, vidole vimepinda na kuvimba viungoni. Hakuinyanyua kwa hasira. Alitaka tu msusi aione.

"Lile ndilo lililokuwa la mwisho," alisema.

"Mnaosha vyombo au mnanisengenya?" fundi alipaza sauti kutoka sebuleni.

"Tunakuja," shangazi alijibu, kama kawaida yake.

Tangu hapo msusi hupitia kwa shangazi kabla ya kufungua saluni, akamkanda vidole kwa mafuta. Shangazi humpokea vizuri, humuuliza habari za wateja, hucheka umbeya wao. Suala la shali hajaligusa tena, na hilo ndilo linalomuumiza msusi. Angependa agombezwe, hata mara moja.

Alinunua nyuzi, akaomba afundishwe. Mistari yake hutoka imepinda kama njia ya mbuzi.

"Mkono wako mgumu," shangazi humwambia. "Unavuta sana."

Kipande chake hakijafikia hata ukubwa wa leso. Hukifuma, hukifumua, huanza upya, na shangazi, amejitanda shali lake, humwonyesha kwa kidevu mahali alipokosea.