Keki za Fundi Saa

Mama Keki alikuwa mjane wa miaka hamsini na ushee, na kwa miezi mitano alikuwa na siri iliyojulikana mtaa mzima. Siri yenyewe ilikuwa fundi saa wa ng'ambo ya barabara. Kila siku, saa nne kamili, mwanamume huyo alivuka, akasimama dirishani pake, akanunua kipande kimoja cha keki, akasema, "Asante, mama," akaenda zake. Basi. Fundi wa saa mzima, na haoni kwamba muda unakwenda!

Mama Keki hakukata tamaa. Alimkatia kipande cha katikati, akazidisha siagi, akazidisha iliki, akiamini kwamba utamu ukimkolea, ulimi utalegea wenyewe.

Asubuhi moja mdogo wake aliingia jikoni anahema, macho yanacheka.

"Dada, keki zako zimeanza kufanya kazi."

"Amesema?"

"Amenenepa."

"Fundi?"

"Fundi gani, ufito ule? Shona-Shona! Yule mwanamke fundi cherehani aliyepanga naye chumba kimoja cha kazi. Nimemkuta analamba vidole. Ati fundi humletea kipande kila siku, Mungu ambariki."

Kisu kikamponyoka Mama Keki. Miezi mitano anapika mahaba, kumbe anamnenepesha mke mwenza kabla hata hajaolewa! Akavua aproni, akajifuta unga shavu moja, la pili akalisahau, akavuka barabara bila kutazama pikipiki.

Fundi alikuwa ameinamia saa ya mkononi, lenzi imebana jichoni.

"Fundi, keki zangu unazila?"

Mwanamume akainua kichwa. "Sizili, mama. Mimi nina sukari."

"Ohoo! Una sukari!" Mama Keki akashika kiuno. "Mtamu mwenyewe, vya watu vya nini? Na nani kakwambia una sukari, huyo Shona-Shona wako?"

"Daktari."

Saa zote za ukutani zikasikika.

"Sukari ile... ya kupimwa damu?"

"Ndiyo hiyo. Mwaka wa nane huu."

Aibu ilimpanda mpaka masikioni, ila kushuka kiunoni mikono ilikataa. "Sasa ulikuwa unanunua za nini?"

Fundi akavua lenzi. Jicho moja lilikuwa jekundu kuliko lenzake. "Pale dirishani panauzwa keki tu. Ningesimama nikisema nimefuata nini?"

"Ungesema umenifuata mimi!"

"Mpika keki na mgonjwa wa sukari, mama, wapi na wapi?"

Nyuma ya pazia cherehani ikanyamaza. "Mama Keki," Shona-Shona akaita, "kama unamkataa sema mapema, mie tumbo limeshazoea."

"Nawe kula polepole, hicho cha leo ndicho cha mwisho!" Kisha akamgeukia fundi. "Umeruhusiwa kula nini?"

"Mboga. Maharage. Samaki, mafuta kidogo."

Mama Keki akavuta pumzi kama mtu anayeambiwa akalime.

"Saa saba uje. Upite mlangoni."

"Leo?"

"Kwani una miezi mingine mitano ya kuchezea?"

Akavuka kurudi kwake, kichwa juu, unga ungali shavuni, akijiuliza chumvi aliiweka wapi.