Nimevuka

Mzee Jeremiah alijifunza kurusha vyuma Nairobi, enzi za ujana wake, akisafisha mabanda ya farasi wa mashindano. Alipokuja Riyadh kutunza farasi wa kafili wake, tajiri aliyemdhamini kuingia nchini, alikuja na mchezo huo. Unasimama nyuma ya mstari na kurusha kiatu cha farasi kuelekea kigingi kilichochomekwa mchangani mbali nawe. Kikikizunguka kigingi, hiyo ni pete. Sijaona mtu mwenye pete nyingi kama Mzee. Ndiye aliyeanzisha klabu ya Riyadh, kisha akawashawishi Wakenya wa Jeddah waanzishe yao, apate watu wa kuwashinda.

Hatuna refa. Ukikanyaga ng'ambo ya mstari unasema mwenyewe, "Nimevuka," na pointi zako zote za siku hiyo zinakufa. Sheria hiyo aliiweka Mzee. Julius, nahodha wa Jeddah, aliwahi kuvuka akanyamaza, na Mzee akamfungia msimu mzima.

Mwaka huu kafili alimwambia halas, imetosha, umezeeka, rudi kwenu. Kwenye basi la kwenda Jeddah, Mzee alituambia anataka kitu kimoja tu: aondoke Saudia akiwa bingwa.

Tulicheza Ruwais, mtaa wa Jeddah, kwenye kiwanja kilichobaki baada ya nyumba za zamani kubomolewa. Jua lilituchoma hadi vyuma vikawa havishikiki bila kitambaa. Mwishoni tulikuwa sare, na Mzee alibaki na chuma kimoja.

"Ukikosa hii, Mzee, tunakusafirisha kama kago!" Julius alipiga kelele.

"Kago ni wewe. Sogea usije ukaumia."

Akarusha. Chuma kilizunguka hewani, kikagonga kigingi, kikatulia. Pete. Mzee akainua mikono juu.

Hakuna aliyeshangilia. Buti lake la kulia lilikuwa limevuka mstari lote.

"Mbona mmenyamaza? Ni pete ama si pete?"

"Ni pete," alisema Kariuki wa timu yetu, macho chini.

"Mzee, sema," Julius akamwambia.

"Niseme nini?"

"Ulinifungia msimu mzima juu ya hii maneno. Sema!"

"Sijavuka. Ningevuka ningejua."

"Basi angalia chini."

Mzee akaangalia. Aliutazama mguu ule kama anautazama mguu wa mtu mwingine. Nilikuwa karibu naye, nikauona uso wake ukibadilika. Hakuwa amedanganya. Mguu ulikuwa umekwenda bila yeye kujua.

"Nimevuka," akasema.

Julius alishusha sauti. "Rusha tena, Mzee. Sisi hatuna shida."

"Kuna sheria ya kurusha tena?"

"Hakuna."

"Basi mmeshinda."

Aliwapa wote mkono, mmoja mmoja, kisha akakaa kwenye kifusi. "Victor, nivue kiatu," akaniambia.

Msumari wa kwato, ule wa kupigilia viatu vya farasi, ulikuwa umetoboa soli ukaingia unyayoni. Soksi ilikuwa imegandana na nyama, na harufu yake ilinifanya nigeuze uso.

"Uliingia lini, Mzee?"

"Sijui, mwanangu. Sikusikia kitu."

Nafanya kazi kwenye duka la dawa Riyadh. Nawauzia wagonjwa wa sukari dawa kila siku, na nilijua tayari ni sukari, inayoua hisia za miguu.

Hospitalini walimkata mguu chini ya goti. Siku ya pili Julius alileta matunda, akasimama kando ya kitanda akipapasa kofia yake.

"Mzee, klabu zote mbili tumekaa. Kuanzia sasa mstarini kutakuwa na refa. Hatutaki mtu mwingine aaibike vile."

Alisema kwa upendo. Mimi pia nilikuwa nimeinua mkono kwenye kura ile, nikiamini tunamheshimu.

"Nani alikubali?" Mzee akauliza.

"Wote."

Akanigeukia. "Hata wewe?"

"Hata mimi, Mzee. Haikuwa makosa yako. Ni ugonjwa."

"Nilipoona, nilisema mwenyewe," akasema. "Hamkunisikia? Nilisema mwenyewe. Na bado mnaniwekea polisi."

Julius aliweka matunda mezani akatoka bila kuaga. Nikamwambia Mzee tunaweza kupiga kura upya, kwamba nitaongea na kila mtu, Riyadh na Jeddah, mpaka waelewe. Nilimaanisha kila neno.

Aligeukia ukutani, akaniambia nimwitie nesi.