Abiria Waliozidi

Ebla Salat alimpigia Muthama simu Jumanne baada ya adhuhuri, akiwa amekaa juu ya gunia la sukari dukani kwake Mwingi. Alitaka gari la kukodi, gari zima, lisilookota mtu mwingine njiani, limpeleke yeye na watu wake uwanja wa ndege Nairobi siku ya Alhamisi. Muthama, ambaye wakati huo alikuwa mjini Kabati akiliosha gari lenyewe, aliuliza maswali ambayo dereva wa kazi hiyo huuliza: abiria ni wangapi, mizigo ni mingapi, ndege inaruka saa ngapi, na kama kuna mgonjwa. Ebla akasema abiria ni watatu, masanduku ni mawili makubwa, ndege ni ya jioni, na wote ni wazima. Kisha akauliza jambo ambalo Muthama hakuwahi kuulizwa na mteja.

"Uko na tai?"

Muthama alisema anayo moja, ya kanisani, ambako Jumapili yeye husimama mlangoni kuwaonyesha watu viti.

"Uivae," Ebla akasema. "Na tukifika pale kwa polisi ukae wima, kama mtu amebeba wakubwa."

Alikuwa na sababu. Mwanzoni mwa mwaka binti yake Hani alipata kazi ya uuguzi huko Ireland, akaondoka Mwingi kwa basi. Kwenye kizuizi cha polisi barabarani, abiria wenye majina kama lake na mavazi kama yake walishushwa, wakapangwa kando ya barabara kwenye jua, na vitambulisho vyao vikaingizwa ndani ya hema. Vilikaa humo hadi basi likachoka kungoja, likaenda. Ndege nayo haikungoja. Waajiri wa Ireland, ambao walikuwa wameamini bila taabu yoyote kwamba Hani ni Mkenya, walimpa tarehe nyingine na kumweleza kwamba hakutakuwa na ya tatu. Ebla aliona kwamba gari la watu binafsi, lenye vioo vya giza na dereva mwenye tai, huenda likapita mahali ambapo basi halikupita.

Alhamisi Muthama alikuja kwa njia ya Migwani. Akiwa Migwani alijipapasa, akagundua kwamba kitambulisho chake kimebaki kwenye suruali nyingine. Hakugeuza gari. Tangu aanze udereva alikuwa ameulizwa leseni na bima mara nyingi, lakini kitambulisho hakukumbuka kuulizwa hata siku moja.

Alipofika aliwafungulia milango mmoja mmoja, jinsi alivyoagizwa. Ebla alikaa nyuma yake, Hani akakaa kando ya mama yake, na Maalim Adan, mdogo wa Ebla anayefundisha watoto Kurani, akakaa nyuma kabisa na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia. Muthama aliomba kwa jina la Yesu kama afanyavyo kabla ya kila safari. Maalim akasoma dua yake. Wote wawili walimaliza pamoja, wakaitikia amina moja, na gari likaondoka.

Kizuizi kilikuwa mahali ambapo barabara inateremka kidogo. Chuma chenye misumari kilikuwa kimelazwa juu ya lami, na mbele yao palikuwa na lori la mbuzi. Afande aliyekuja dirishani alikuwa kijana, amehamishiwa huko mwaka huo kutoka upande mwingine wa nchi. Aliona tai, akainua mkono kwa heshima. Kisha akafungua mlango wa pembeni na kuona nani amekaa ndani.

"Vitambulisho."

Walimpa vyote vitatu. Muthama hakuulizwa.

"Hizi siku hizi zinanunuliwa," afande akasema akivigeuzageuza. "Mama, wewe ulizaliwa wapi?"

"Mwingi."

"Kila mtu husema hivyo. Baba yako je?"

"Amezikwa Mwingi."

"Sijauliza amezikwa wapi. Nani anaweza kushuhudia kwamba wewe ni wa hapa?"

"Yeye."

"Basi mlete. Mpaka afike, shukeni mkae pale na wengine."

Muthama aligeuka na kumnong'oneza Ebla kwa Kikamba kwamba mambo kama hayo humalizwa na kitu kidogo cha chai. Ebla alimjibu kwa Kikamba hichohicho, chake kikiwa safi kuliko cha Muthama, kwamba hatalipia barabara ya kwao na wala hatashuka. Kisha akageuza uso kuelekea Mwingi, akamwita baba yake. Hakupaza sauti. Alimwita kama unavyomwita mtu aliye chumba cha pili.

Mzee Salat alitokea nyuma ya lori, akitembea ukingoni mwa barabara. Alikuwa amekufa mwaka wa ukame ule uliomaliza ng'ombe. Alivaa kikoi cha mistari na kushika fimbo yake ya mnadani, na mabegani alikuwa na udongo mwekundu ambao mkewe Yurub, aliyemfuata kwa karibu, alikuwa akimpangusa kwa kiganja. Walisalimia watu wote. Hani aliinama dirishani akaubusu mkono wa babu yake, naye babu akamuuliza kama amekula.

Afande akamuuliza mzee kitambulisho.

Salat alijibu kwa Kikamba cha wazee wa Mwingi, na kwa kuwa afande hakukijua, ilibidi Muthama atafsiri. Mzee alisema kwamba kitambulisho chake kilirudishwa kwa chifu siku alipozikwa, kama serikali inavyotaka.

Afande alilifikiria jambo hilo. Akasema mtu asiye na kitambulisho hawezi kumshuhudia mwingine, hata akiwa baba. Aliuliza kama kuna mwingine, afadhali asiye wa familia.

Salat alimwita Ndunge, mkunga. Alichukua muda kufika kwa sababu magoti yalikuwa yakimsumbua hata alipokuwa hai. Alisema yeye ndiye aliyempokea Ebla akizaliwa, kwa mikono hiyohiyo, siku ambayo mvua ilikuwa inanyesha na paa linavuja, na kwamba kitovu chake alikizika yeye mwenyewe na mahali pake anapajua. Nyuma ya Ndunge alikuja Mulwa, mchinjaji, ambaye hakuitwa na mtu. Alisikia sauti ya Salat akadhani ameleta mbuzi. Baada yao wakaja wengine: waliochimba kisima pamoja na Salat, waliomkopesha na aliowakopesha, mwalimu aliyemfundisha Ebla kusoma, wanawake waliouza naye vitambaa. Walipofika walisalimiana, wakaulizana habari, wakakaa chini kwenye lami. Malori yalisimama foleni hadi yakapotea kwenye kona. Hakuna dereva aliyepiga honi, kwa kuwa hakuna anayepigia wazee honi.

Afande aliwapitia wote. Hakuna aliyekuwa na kitambulisho. Akaenda kando akazungumza na mkubwa wake kwa redio, kisha akarudi na maagizo. Marehemu wanakubalika, alisema, ila kila mmoja awe na cheti chake cha kifo, chenye muhuri.

"Cha baba kiko nyumbani," Ebla akasema. "Nilikipata siku ileile niliyokiomba. Hakuna aliyeniuliza babu yake alizaliwa wapi. Kuzaliwa hapa ndiko mnataka tuthibitishe kila siku. Kufa hapa mlituamini mara moja."

Afande alitazama viatu vyake. Hakuvirudisha vitambulisho.

Jua lilikuwa limepanda. Hani alifungua mkanda wa kiti. Alimwambia mama yake kwamba afadhali ashuke tu akae na wale wengine, pengine watamhurumia.

"Ile siku ya basi ulishuka," Ebla akamwambia. "Ilikusaidia nini?"

Hani aliwatazama waliopangwa kando ya barabara. Kulikuwa na mwanamke mwenye mtoto mgongoni na wanafunzi wawili waliovaa sare. Akaufunga mkanda wake tena, na mlio wake ulisikika gari zima.

Muthama muda wote huo alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Alikuwa mtu mwoga wa polisi, kama madereva wengi, kwa kuwa leseni ndiyo shamba lake. Lakini kutafsiri maneno ya wazee kulikuwa kumemchosha kwa namna asiyoifahamu. Aligeuza kichwa.

"Afande, mimi hujaniuliza."

"Wewe sina shida na wewe. Nakujua."

"Hunijui. Leo ndiyo mara ya kwanza tumeonana. Na kitambulisho sina, nimekiacha nyumbani."

"Wacha mzaha. Wewe ni wa hapa, inaonekana."

"Inaonekana wapi?"

Kabla afande hajajibu, Ndunge alisema lami inamchoma, akainuka akaingia ndani ya gari. Yurub akamfuata, akamfuata Salat, kisha Mulwa, na wengine wote. Gari lilikuwa la viti saba, lakini marehemu hawachukui nafasi kubwa. Walipangana kama leso ndani ya sanduku, na Maalim Adan akasogeza chupa yake ya chai ili isimwagike.

Hapo afande akapata nguvu mpya. Alichungulia ndani, akasema hilo sasa ni kosa la barabarani lililo wazi, dereva amebeba abiria waliozidi, na gari litazuiliwa.

Muthama alikaza tai yake.

"Afande, chagua," akasema. "Kama hawa ni watu wa kuzidi kwa gari yangu, basi ni watu wa kushuhudia. Kama si watu, gari yangu haijazidi."

Afande alitazama foleni ya malori. Alitazama hema, ambako wenzake walikuwa wameshaanza kula. Alirudisha vitambulisho kimoja kimoja, cha Hani mwisho, baada ya kulinganisha picha na uso mara nyingine. Kisha akakivuta kile chuma chenye misumari kando kwa mguu.

Njia iliyobaki ilikuwa ya kawaida. Mulwa aliomba wasimame Matuu aone bei ya mbuzi, akaambiwa hakuna nafasi ya kuchelewa. Yurub alimshika Hani mkono mpaka Nairobi, na mkono wake ulikuwa baridi kama maji ya mtungi. Kwenye lango la uwanja wa ndege abiria wote wa magari yote walitakiwa kushuka na kupita kwenye mashine, wenye tai na wasio na tai. Marehemu nao walishuka wakapita. Mashine haikulia.

Kuagana hakukuwa kwa muda mrefu. Maalim alimsomea Hani aya za safari. Ebla alimrekebisha mtandio ambao haukuhitaji kurekebishwa. Salat alimwambia akifika huko na kuulizwa anatoka wapi, aseme Mwingi, asiseme Nairobi.

"Huko hawaulizi hivyo, awoowe," Hani akamjibu babu yake. "Wanauliza safari ilikuwaje."

"Na utawaambia nini?"

"Nitawaambia ilikuwa ndefu."

Aliingia ndani akisukuma masanduku yake mawili. Safari hii ndege iliondoka naye.

Walilala kwa jamaa zao Nairobi, na Ijumaa wakaanza kurudi, pamoja na marehemu wao. Kizuizi kilikuwa mahali pake, sasa upande wa pili wa barabara, na afande alikuwa yuleyule. Aliwatambua. Aliuliza kama msichana aliiwahi ndege, na aliposikia kwamba aliiwahi, alifurahi kwa dhati, akasema Mungu amtangulie. Kisha akanyoosha mkono.

"Vitambulisho."

"Jana uliviona," Ebla akasema.

"Jana ilikuwa jana."

Ebla na Maalim wakatoa vyao. Muthama naye akaunyoosha mkono wake dirishani, mtupu, akaushikilia hapo. Afande aliupita kana kwamba ni kioo cha pembeni.

Mzee Salat aliyaona hayo yote kutoka kiti cha nyuma. Alimgonga Muthama begani na kumwomba afungue mlango. Alisema yeye harudi Mwingi. Alipozikwa walimtazama kama mtu aliyemaliza kazi, na sasa ameona haijaisha. Ebla alimkumbusha kwamba jua la pale ni kali. Salat akasema alichunga mbuzi kwenye jua kali kuliko hilo. Akashuka, na wenzake wote wakashuka naye, wakaenda wakakaa kando ya barabara, palepale watu wanapopangwa.

Wako pale hadi leo. Muthama, ambaye siku hizi hupeleka watu wengi uwanja wa ndege, huwapelekea chai ya Ebla kila apitapo. Ndunge hulalamika kwamba sukari ni kidogo. Asubuhi afande akiingia kazini huwauliza vitambulisho, nao husema hawana. Huwaamuru waondoke, nao hawaondoki. Alishaandika taarifa juu yao, na jibu lililokuja ni kwamba wasajiliwe kwanza ndipo waweze kufukuzwa, na kwamba hawawezi kusajiliwa.

Mabasi bado husimamishwa. Wenye majina kama ya Hani bado hushushwa, vitambulisho vyao vikaingia hemani, na wao wakapangwa juani. Ila sasa wakifika pale hukuta watu wameketi, na watu hao husogea wakawapa nafasi. Ndunge huwauliza ni watoto wa nani. Wakimwambia, huwa anawajua.