Nyota za Mashuka

Chai ya saa nne ilikuwa imepoa kwenye kikombe cha Kidole, naye hana habari. Alishika pembe mbili za shuka, Shangazi akashika mbili za upande wa pili, wakakung'uta, wakakutana katikati, wakakunja. Kidole akaliweka kwenye rundo na kubonyeza dole gumba kwenye mashine ya kuhesabia. Runinga ya ukutani ikalia *ting!* na nyota ikarukia jina lake.

"Ya tisini na sita!"

"Hongera, mwanangu," Shangazi alisema, akifuta jasho. "Mimi nina ngapi?"

"Kumi na moja."

Shuka hukunjwa na watu wawili, lakini aliyeileta mashine ile hakuwahi kukunja hata moja, kwa hiyo ilikubali dole la mtu mmoja tu. Ilikuwa upande wa Kidole. Kuzunguka meza ni kupoteza muda.

Ofisi ya dobi iliuleta mchezo Jumatatu, eti kazi iwe raha. Siku nne zilikuwa za majaribio. Leo Ijumaa ndiyo ya kuhesabiwa. Wa kwanza atavikwa taji runingani. Wa mwisho atapoteza mapumziko ya Jumamosi mwezi mzima. Na Jumamosi ndiyo siku ambayo Shangazi humwogesha mama yake, bibi ambaye hakubali mikono ya mtu mwingine.

Kidole alipewa jina hilo kwa sababu ya gemu ya kupasua matunda. Mumewe huiita simu yake mume mwenza. Alijua ujanja wote: mlio mtamu, nyota, ile "bado kidogo tu" isiyoisha. Alijua, na bado alinasa kama kuku kwa mtama. Akaitazama ile kumi na moja, akaona aibu ya kweli.

"Shangazi, nyumbani gemu ikinichosha naizima, nakwenda kupika. Hii inanizima mimi. Tangu Jumatatu hatujapiga hata umbea mmoja."

"Nilidhani umeninunia."

"Hata! Hebu njoo upande huu. Weka dole lako."

Wakati wa chakula neno la kugawana nyota sawasawa lilipita meza zote nne. Yule wa meza ya tatu, aliyeshaanza kuota taji, alinuna dakika tano.

"Nikivikwa, nitakwenda nalo wapi, sokoni?" hatimaye akauliza, akacheka mwenyewe.

Mchana ule mashuka yalikunjwa kwa vicheko. Umbea wa wiki nzima ulilipwa. Saa kumi kasorobo runinga ilionyesha majina manane, kila moja nyota mia moja arobaini, na kwa kukosa la kufanya ikawavika wote taji.

Msimamizi aliingia na fomu. "Nani wa mwisho?"

"Hayupo, bosi."

"Lazima awepo. Fomu ina nafasi yake."

Akabonyeza mashine iteremshe orodha. Chini kabisa lilitokea jina la tisa, lake mwenyewe. Jumatatu alikuwa ameandikisha dole lake ili kuwaonyesha inavyofanya kazi. Nyota: sifuri.

Akapiga simu ofisini. "Ndiyo, mkuu... Lakini mimi ndiye msimamizi... Ndiyo, najua mashine haikosei." Akakata, akaketi juu ya rundo la mashuka. "Wamesema Jumamosi nije. Nilimwahidi binti yangu kumfundisha baiskeli."

Waliokuwa wamejiandaa kucheka walimeza vicheko vyao. Hata Kidole, aliyemsema vibaya wiki nzima, alimwonea huruma.

"Bado robo saa hesabu ifungwe, bosi. Simama ushike pembe."

Miaka sita msimamizi alikuwa akipita katikati ya meza zile bila kushika shuka. Alikung'uta kabla ya wakati, akakunja upogo, Kidole akamnyooshea. Msimamizi akabonyeza dole.

*Ting!* Nyota ikaruka. Uso wa msimamizi ukachanua wote.

"Mmeiona? Mmeiona hiyo?"

"Tumeiona," alisema Shangazi. "Zimebaki mia moja thelathini na tisa."

"Basi lete jingine!" alisema, akikunja mikono ya shati. "Upesi, upesi!"